Re: Jarida linataka data zote za machimbo ziwe wazi

Salamu kaka wa Bukavu. Kama nimekuelewa, jarida linataka data zote za utafiti wako wa machimbo ya Kalehe ziwekwe wazi kwa umma, nawe unawaogopea wachimbaji waliokupa habari.

Anza na GPS, si majina. Majina kila mtu hukumbuka kuyafuta, ila shimo ambalo namba zake za GPS zina desimali tano (kama mita moja) linamtaja mwenyewe. Mimi hubakiza desimali mbili, yaani kama kilomita moja, na hesabu za bei haziharibiki. Halafu picha: simu huandika mahali na saa ndani ya faili, kwa hiyo zisafishe kwanza. Na umri, kazi na kijiji vikikaa mstari mmoja, kwenye mji mdogo wa machimbo kama Nyabibwe mtu atajulikana tu, hata bila jina.

Mahojiano yenyewe usiyaachie. Zenodo, ile hazina ya data za utafiti mtandaoni, inaruhusu maelezo ya data yaonekane na wote huku mafaili yamefungwa, anayeyataka anaomba. Mwandikie mhariri mapema, uambatishe fomu ya ridhaa uliyowasomea. Kama humo uliahidi siri, basi mjadala umekwisha, promota wako (msimamizi wa utafiti) apende asipende.

Dodoso na jedwali la bei weka wazi. Hapo hakuna wa kuumia.