Yuniti 12 za Viza Hazikufikishi Mwaka wa Tatu

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni kijana wa miaka 20 naishi Nkuhungu hapahapa Dodoma, form six nimemaliza mwaka jana, PCM. Mamdogo wangu yuko California na amenitafutia nafasi komyuniti koleji ya hukohuko, natakiwa kuanza Agosti. Tunachopanga ni nisome pale miaka miwili halafu nihamie chuo kikuu nimalizie miwili, nipate digrii ya uhandisi wa ujenzi. Mamdogo anasema viza inataka yuniti 12 (ule uzito wanaoupa kila somo) kwa semista basi nichukue hizohizo nisijichoshe, mwaka wa kwanza nimalize Kiingereza na historia na vitu vya jumla, hesabu na fizikia nitakutana nazo mbele. Baba anauza kiwanja Nala kwa ajili ya hii safari so sitaki kukosea. Nimsikilize mamdogo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kiwanja Dodoma siku hizi kikishauzwa hakirudi, kwa hiyo hata mimi nimeisoma barua yako mara mbili. Mamdogo mpe heshima yake na umshukuru kwa nafasi, ila ratiba yake hiyo hapana.

Chukua kalamu. Kuingia University of California (UC) kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu unatakiwa uwe na yuniti 60 za semista, tena zile zinazohamishika. Sasa 12 mara semista nne ni ngapi? 48. Hiyo 12 ni ya watu wa uhamiaji, wao wanataka tu kujua kama kweli unasoma full time, habari ya digrii yako haiwahusu. Ndo maana watu wanakaa komyuniti koleji miaka mitatu na ada inazidi kwenda, na mgeni mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, analipa ada mara kadhaa ya ile ya mkazi wa California ambaye yuniti moja kwake ni dola 46. Kwa hiyo piga 15 kila semista, au chukua 12 au 13 halafu uongeze masomo kipindi cha kiangazi. Halafu angalia chuo chako kinaenda kwa semista au kwa kota, yani mihula mifupi zaidi, maana vyuo kama De Anza na Foothill ni vya kota na kule inayotakiwa ni 90. Na usijaze ratiba na masomo ya onlaini ukidhani umepata ujanja, kwenye zile 12 za viza wanahesabu somo moja tu la onlaini kwa muhula.

Sasa la hesabu, hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Uhandisi ni kama ngazi, kalkulas ya pili huruhusiwi bila ya kwanza, ya tatu bila ya pili, fizikia ya mekanika inataka uwe na kalkulas, na somo la statiksi linataka uwe umeshapita mekanika. Ukisema hesabu utaanza mwaka wa pili, hizo semista mbili zilizobaki hazitoshi hata ufanye nini, na kuna masomo ya uhandisi vyuo vingine wanafundisha mara moja tu kwa mwaka, likikupita hilo unasubiri. Wewe una PCM. Beba matokeo yako ya NECTA, omba wakupime uingie kalkulas moja kwa moja semista ya kwanza, wakitaka kukurudisha kwenye aljebra ulizia kwanza kabla hujakubali kukaa kimya na upole wetu wa Kigogo. Kiingereza nacho uanze mapema, kozi mbili za uandishi ni lazima pamoja na moja ya hesabu, hizo hazina mjadala. Ila yale mengine ya jumla, lile furushi linaloitwa Cal-GETC ambalo tangu 2025 limechukua nafasi ya IGETC kwa wanaoanza, usilimalize lote kwa kuyatupa masomo ya fani. Kwa uhandisi vyuo vikuu vinaangalia sana maandalizi ya fani.

Mimi yalinikuta, ndo maana nasema. Nilisoma komyuniti koleji moja ya hukohuko, jina tuliache, nikachukua fizikia ile isiyo na kalkulas kwa sababu saa zake zilikuwa nzuri na mwalimu ana huruma. Nikapata A nikafurahi. Kufika chuo kikuu naambiwa krediti imepokelewa, ila kama kozi ya hiari, kwenye fani haisomeki, rudia fizikia. Ni sawa upande basi Dar ushushwe Nanenane, ni kweli umefika Dodoma hakuna anayebisha, lakini kama unaenda Nkuhungu bado una nauli nyingine mfukoni na mzigo kichwani. Mtu akikwambia "hii kozi inahamishika" muulize inahamia wapi na inahesabika kama nini.

Jibu la hilo swali liko kwenye tovuti ya assist.org, ni bure, unaweza kuifungua leo ukiwa hapohapo Nkuhungu. Unachagua koleji yako, unachagua chuo kikuu unachotaka na fani, inakuonyesha kozi kwa kozi hii ya huku inakaa badala ya ipi ya kule. Fanya kwa vyuo vikuu vitatu au vinne maana havifanani, chapisha, ndo uende nazo kwa mshauri wa masomo wiki ya kwanza akutengenezee mpango wa semista zote nne. Kila semista rudi kwake. Na kozi autlaini zote, zile karatasi za mambo yanayofundishwa kwenye somo, tunza, hata ya somo ulilolichukia.

Kitu kingine ambacho wengi kinawashtua ni tarehe. Maombi ya UC yanatumwa Oktoba na Novemba, karibu mwaka mzima kabla ya kuhamia, yani wewe utaomba ukiwa ndo kwanza umeingia mwaka wa pili, na matokeo watakayoyaona ni ya mwaka wa kwanza. Kwa asiye mkazi wa California kiwango cha chini ni GPA ya 2.8 lakini uhandisi kwa 2.8 usijidanganye. Kuna mpango unaitwa TAG wa kuhakikishiwa nafasi, unaombwa Septemba, kampasi moja tu, nao wako Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, wakati Berkeley, UCLA na San Diego hawana. Usome masharti ya fani yako kabla hujafurahi, kuna kampasi uhandisi wameutoa kwenye huo mpango.

Mamdogo mpigie simu taratibu, mtumie hesabu ya 48, wala usimwambie kuna Anti amesema.

SWALI: Habari dada. Niko Mpwapwa, binti yangu anasoma diploma ya uhasibu hapo Dodoma mjini. Nasikia Marekani ukisoma miwili unaingia mwaka wa tatu. Na sisi je?

JIBU: Nzuri kaka yangu. Kwetu kwa kawaida mwenye diploma anaingia digrii kuanzia mwaka wa kwanza, ile diploma, NTA level 6, inamfungulia mlango tu. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka GPA isipungue 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne form four, kwa hiyo binti asijifariji kwamba kapass inatosha, 2.9 inamuacha nje. Na kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU kila programu imeandika diploma zipi inazipokea, akae nacho sasa hivi akiwa bado anasoma, asisubiri matokeo yatoke ndo aanze kuuliza.