Kwa nini konea haibadilishwi yote?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mdogo wangu wa miaka 22 ana konea (kioo angavu cha mbele ya jicho) iliyochongoka kama pia, na mama yetu ameona ukungu tangu alipotolewa mtoto wa jicho. Wote wameambiwa watapandikizwa sehemu tu ya konea, ila kwa upasuaji usiofanana hata kidogo. Je, sehemu inatosha, au ni uhaba wa konea? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Uhaba upo kweli, lakini sababu siyo hiyo. Konea ina unene wa takriban nusu milimita, nayo imeundwa kwa matabaka ambayo si lazima yaugue pamoja. Kwa miongo mingi baada ya daktari Eduard Zirm kufanikiwa kupandikiza konea huko Olomouc, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, mwaka 1905, kawaida ilikuwa kuitoa yote, hata palipoharibika upande mmoja.

Kwa mdogo wako kilicholegea ni tabaka nene la kati. Daktari huweza kupuliza hewa kwa sindano ndani yake mpaka povu libandue utando wa ndani, kisha huondoa matabaka yaliyo juu na kushonea kipandikizi. Kwa kuwa seli za ndani zinabaki zake mwenyewe, mwili hauna sababu ya kuzikataa. Utando huo ukichanika huenda konea yote ikabadilishwa palepale, kwa hiyo ridhaa anayosaini itaje uwezekano huo. Kufikicha macho akome kabisa.

Kwa mama, zilizopungua ni zile seli za ndani zinazotoa maji kwenye konea, na kwa binadamu hazizaliani tena zikifa. Maji yakibaki, konea huvimba na kupata ukungu. Katika njia iliyobuniwa na daktari Gerrit Melles wa Uholanzi, utando wa mtoaji, wenye unene wa mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), huingizwa ukiwa umejiviringisha kupitia tundu dogo, hukunjuliwa ndani ya jicho na kugandamizwa kwa povu la hewa au gesi, bila kushonwa. Povu hupanda juu, ndiyo maana ataagizwa kulala chali, na hapa nasisitiza, maana wengi hudhani ni mapumziko tu: akikaa anavyotaka, utando unaweza kubanduka na hewa ikalazimu kuongezwa. Iwapo konea imekwisha kupata makovu, njia hii haitamfaa.

Wote wawili watatumia matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na kuzuia mwili kukataa kipandikizi) kwa miezi mingi. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likififia ghafla, warudi kliniki siku hiyohiyo.