Silaha za Jadi: Upanga wa Burma, Jambia la Unguja na Sime ya Mnadani

SWALI: Wataalamu wetu, hamjambo. Marehemu babu yetu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akapigana Burma. Ametuachia upanga wa Kijapani wenye ala ya chuma. Mjomba anashikilia kwamba ni wa samurai na una miaka mia tatu. Tutajuaje bila kuuharibu? *Msomaji, Machakos*

JIBU: Hatujambo, ndugu yetu. Habari ya babu ina msingi: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, ikavuka mto Chindwin Desemba ya mwaka huo. Lakini mahali upanga ulikopatikana na umri wake ni mambo mawili tofauti.

Kwanza kabisa, msiupige msasa wala kumpa fundi wa kunoa visu. Uchomoeni makali yakiwa juu, ili mgongo ndio uteleze ndani ya ala, na msiguse chuma kwa vidole, kwa maana chumvi ya jasho huacha kutu baada ya siku chache tu.

Sasa tazameni ubavu wa upanga karibu na kikingio cha mkono. Mkiona namba za kawaida zilizogongwa, na ala ina namba hiyohiyo, huo ni upanga wa kijeshi wa muundo wa 95, uliotolewa kwa masajini kuanzia 1935. Ni kazi ya mashine. Mpini wake ni wa shaba au wa alumini iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ufanane na uliozungushiwa uzi. Za mwisho wa vita zina mpini wa mbao. Mpini huo umeshikwa kwa skrubu, nanyi msiifungue, kwa kuwa ndani hamna jina la mhunzi la kusoma. Thamani yake iko kwenye namba zinazolingana, rangi ya asili, na karatasi zozote za utumishi wa babu.

Kama hauna namba, na mpini umezungushiwa uzi halisi juu ya ngozi ya taa (yule samaki bapa, ngozi yake ina vipele vyeupe), basi ni wa ofisa, na hapo ndipo kazi inapoanza. Maofisa wengine walinunua panga mpya, wengine walichukua upanga wa ukoo wakautia mpini na ala za kijeshi. Kwa hiyo kikingio chenye maua ya mcheri hakisemi lolote kuhusu umri wa chuma. Kinachosema ni mkia, yaani chuma kilichofichwa ndani ya mpini, ambacho Wajapani hukiita *nakago*.

Kuufikia, tafuteni kigingi cha mwanzi kinachopita kwenye mpini toka ubavu mmoja hadi wa pili. Huwa kimoja, pengine viwili. Kisukumeni kutoka upande wake mwembamba kwa kijiti cha mbao ngumu. Shikeni mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, upanga umesimama, makali yameelekea mbali nanyi, kisha pigeni ngumi nyepesi juu ya mkono huo wa kushoto. Upanga utalegea na kupanda kidogo kidogo. Usipolegea kwa mapigo machache, acheni. Kugonga kikingio kwa nyundo hupasua mpini na kuumiza chuma.

Ubavu mmoja wa mkia huwa na jina la mhunzi, na wa pili tarehe, kama vimeandikwa. Panga za wakati wa vita hutaja mwaka wa enzi ya Showa: jumlisheni 1925, kwa hiyo Showa 18 ni 1943. Muhuri mdogo wa Seki (mji wa wahunzi huko Japani) au wa herufi ya *Sho* huonyesha kazi ya wakati wa vita isiyofuata njia kamili ya jadi. Nyota ndogo ni habari njema zaidi: huyo alikuwa mhunzi aliyekubaliwa na jeshi na kupewa chuma cha jadi. Mkia wenye kutu nyeusi iliyolala laini, mistari ya tupa iliyofifia na matundu mawili au matatu unaelekea kuwa wa kale kuliko vita, kwani tundu la ziada hutobolewa upanga unapofupishwa au kubadilishiwa mpini. Pigeni picha pande zote kwa mwanga wa pembeni. Kutu ya mkia haisafishwi kamwe: rangi yake ndiyo ushahidi wa umri, na ikishatoka hakuna wa kuirudisha.

SWALI: Assalamu alaykum. Nimerithi jambia la fedha. Wengine wanasema ni la Oman, wengine la Yemen. Kwenye ala imetiwa sarafu ya mwaka 1780. Je, huo ndio umri wake? *Msomaji, Malindi, Unguja*

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Sarafu hiyo iachwe kando kwanza. Reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, imeendelea kupigwa mhuri wa 1780 miaka yote baada ya malkia huyo kufariki, hadi leo. Inaweza kuwa imetengenezwa wakati wowote tangu hapo, kwa hiyo haitoi umri wa jambia. Faida yake ni nyingine. Uzito wake kamili ni takriban gramu 28, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1000. Masonara wa Uarabuni na wa mwambao waliziyeyusha reale hizi kupata fedha ya kufanyia kazi, ndiyo sababu kazi za zamani hazina alama ya 925. Ukiikuta alama hiyo, elekeza macho kwenye miaka ya karibuni.

Kuhusu nchi, anza na ala. Ala ya Oman hupinda karibu pembe mraba, na sehemu ya juu ina pete za fedha zinazoshika mshipi, mara nyingi nne au saba. Pete saba pamoja na mpini uliofunikwa fedha wote na kukatwa kwa umbo la madaha ni dalili za mtindo wa Saidi, ule wa nyumba ya kifalme ya Al Busaid. Mpini wa kawaida wa Oman una kichwa bapa kama herufi T. Ala ya nyanda za juu za Yemen hupinda na kurudi juu kama ndoana, nayo imevaliwa ngozi au kitambaa kuliko fedha; mpini wake hubanwa kiunoni na huwa na vidude viwili vya duara mfano wa sarafu. Za Hadhramaut zina ncha ya ala iliyopanda juu sana na hupambwa kwa akiki nyekundu. Kwa kuwa Wahadhrami na Waomani wote walikaa Unguja, majambia ya aina zote mbili yamo majumbani, na mafundi wa hapa walichanganya: kisu cha huku, ala ya kule. Ikiwa vipande havioani, usidhani umeibiwa. Andika kila kipande peke yake.

Tazama nyuma ya ala pia. Kazi ya mkono ina waya wa fedha usiolingana unene, na lehemu inaonekana kwenye maungio. Kazi ya kalibu ina vitone vidogo vya chuma ndani ya maua, na kila ua ni sawasawa na jirani yake.

SWALI: Nimeuziwa upanga ulionyooka wenye makali pande mbili, unaoitwa "wa Wareno". Una mwezi mchanga umechorwa karibu na mpini. *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Jina la Wareno huuza vitu, hasa karibu na Fort Jesus. Wewe pima. Kama una urefu wa karibu mita moja, kikingio cha chuma cha umbo la msalaba, mpini wa mbao uliofungwa ngozi, na ala ya ngozi inayopanuka karibu na ncha, huo ni *kaskara* wa Sudan. Miezi miwili yenye nyuso ni alama ya wahunzi wa Ulaya ambayo wahunzi wa Sudan waliiga kwa kizazi baada ya kizazi. Alama haitoshi, basi. Angalia mifereji ya ubavuni. Ile ya Solingen, mji wa wahunzi wa Ujerumani, imenyooka, ina kina kimoja, na inaishia pamoja pande zote mbili. Ya mkono huyumba.

Kama hauna kikingio chochote, mpini ni mrefu na chuma ni chembamba cha kutikisika, ni wa Oman, ule unaochezwa katika razha, ngoma ya panga. Usijaribu ubora wake kwa kuupinda. Ufa usioonekana ukiachia, umebaki na vipande viwili.

SWALI: Nitatofautishaje sime ya kweli ya Kimaasai na ya watalii? *Msomaji, Arusha*

JIBU: Zote ni za kweli, dada, tofauti ni kwamba moja ilivaliwa na nyingine ilitundikwa. Sime, au *olalem* kwa Kimaa, ni nyembamba shinoni na hupanuka kuelekea ncha, hivyo uzito unakaa mbele. Ile iliyofuliwa tangu mwanzo ina uti katikati, na unene hupungua taratibu kuelekea kwenye makali. Iliyokatwa kwenye panga la shamba ni bapa, ina unene mmoja wa milimita mbili au tatu, na wakati mwingine alama ya kiwanda inasomeka bado ukiinamisha chuma kwenye mwanga. Iliyotoka kwenye springi ya gari ni nzito na hubaki na unene mgongoni. Hakuna aibu katika chuma cha springi, nacho kinashika makali vizuri kuliko chuma laini cha zamani. Kosa ni kukilipia bei ya karne ya 19.

Ala hueleza zaidi. Ni vibao viwili vilivyovikwa ngozi mbichi ikiwa imelowa, ikakauka na kubana. Wekundu wa zamani umezama kwenye ngozi na kufifia pale mkono na paja viliposugua. Rangi ya mafuta ya dukani inakaa juu na kubanduka kwa magamba. Kitanzi cha mkanda kinapaswa kung'aa kwa ndani. Kikiwa kikavu na kikali, sime hiyo haijawahi kutembea. Mhunzi wa Ilkunono, yaani wahunzi wa Kimaasai, aliwauzia wengi, na sime za Wakikuyu na Wakamba hufanana na hizi, kwa hiyo andika kijiji ulikoinunua kabla hujaandika kabila.

SWALI: Kutu inatula huku pwani. Tunapaka mafuta ya nazi lakini haisaidii. *Msomaji, Lamu*

JIBU: Mafuta ya nazi huchacha, na asidi yake hula chuma na shaba. Ule ukijani unaonata kwenye shaba inayogusa ngozi unatokana na mafuta ya namna hiyo. Utoe kwa kijiti cha mbao na kitambaa kikavu. Kwa chuma, paka mafuta ya cherehani, acha saa 24, kisha sugua kwa sufi ya chuma namba 0000, ukifuata urefu wa kisu, bila kuzunguka. Toa kutu nyekundu ya unga. Weusi laini ulioshikamana na chuma uache. Hauli tena, tena unakinga. Rudia mara tatu au nne kwa uvumilivu, usitafute mng'ao. Ndimu, siki na soda hutoa kutu na ngozi ya chuma pamoja, na huacha rangi ya kijivu iliyokufa. Mwisho, futa mafuta yote na paka nta nyembamba.

Kisha acha kuhifadhi silaha ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu wa bahari, na asidi iliyotumika kuitengeneza hubaki ndani yake. Weka kisu na ala sanduku moja, vikitenganishwa kwa kitambaa cha pamba, pamoja na vifuko vya jeli ya silika (silica gel) vya kunyonya unyevu, vinavyokaushwa kila vinapolowa. Zile *keris*, majambia ya kisiwa cha Java, zinahitaji hadhari ya pekee: michoro yake huamshwa kwa ndimu na aseniki, ambayo ni sumu. Vaa glavu, na mtoto asiishike.

SWALI: Dada yangu yuko Leicester, anataka nimpelekee jambia lenye mpini mweupe. *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Usikate tiketi kabla ya kujua mpini ni wa nini. Kwa kioo cha kukuzia, tazama mwisho wa mpini ulipokatwa kwa upana. Pembe ya ndovu ina mistari miembamba inayopishana kama wavu. Mfupa una vitone na vijistari vyeusi vya mishipa. Plastiki ina mshono wa kalibu. Pembe ya kifaru ina nyuzi zilizolala pamoja kama nywele, na ukiiwekea tochi nyuma mwanga hupenya kingoni. Sindano ya moto wengi huipenda, nasi tunaikataa: inaacha tundu la kudumu.

Ikiwa ni ndovu au kifaru, haivuki mpaka bila vibali vya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) vya nchi zote mbili, hata iwe ya babu wa babu. Uingereza tena ina Sheria ya Pembe za Ndovu ya 2018, iliyoanza kufanya kazi Juni 2022, inayozuia kuiuza isipokuwa kwa masharti machache. Mpini wa mfupa au mbao una njia nyepesi zaidi, lakini uliza idara inayosimamia mambo ya kale kuhusu kibali cha kutoa, mfungie vizuri kwenye mzigo wa chini ya ndege, na mtumie dada picha za pande zote na vipimo kwa sentimita kabla ya safari, azionyeshe akiulizwa na forodha.