Filamu na vitabu vya Krismasi kwa mtu ambaye moyo umegoma kusherehekea

Ndugu muulizaji, umesema unapata siku kumi za mapumziko ya Krismasi, unapenda filamu na vitabu, lakini kila mwaka ikifika tarehe 26 unajikuta mchovu na mwenye huzuni kuliko ulivyoanza. Unataka kujua wenzako wanafanyaje ili wafurahie na wabaki na mtazamo chanya. Njia hiyo nimeipita, tena kwa kujikwaa, kwa hiyo nivumilie, nitakuwa mrefu.

Nianze na kosa langu. Mwaka niliofiwa na baba tulimzika Novemba. Desemba ilipoingia kila mtu akanishauri niangalie vitu vyepesi, vya kuchangamsha. Nikatii. Nikaandaa orodha ya filamu kumi na mbili za Krismasi, moja kila siku, zote za furaha tupu. Unazijua hizo: dada wa mjini, kazi zimemzidi, anakwama kwenye kamji kadogo, anakutana na kaka wa shati la drafti, wanazozana kidogo, theluji inaanguka, wanapendana. Siku ya nne nilisinzia katikati. Nilipozinduka ilikuwa imeshaanza nyingine, na sikugundua mpaka mwisho nilipoona bwana harusi siye yule wa mwanzo.

Siku ya saba nikaacha. Sisemi filamu hizo ni mbovu. Nina rafiki anazipenda kufa na simcheki (sana). Ila kila nikiona kwenye kioo meza imejaa watu wanacheka, mimi nilikuwa nahesabu kiti kimoja cha kwetu kilichobaki kitupu. Furaha yao haikuniambukiza, ilinisuta.

Dada yangu ndiye aliyenitoa hapo. Alikuja jioni moja na filamu ya mwaka 1946, nyeusi na nyeupe, It's a Wonderful Life. Nikamwambia sina hamu na filamu yenye umri mkubwa kuliko mama. Akasema, "Kaa. Ukichoka nitaizima mwenyewe." Hakuizima. Filamu ile inaanza na watu wanamwombea mtu mmoja ambaye usiku wa kuamkia Krismasi amefika mahali anaona heri asingezaliwa. Halafu kwa zaidi ya saa moja na nusu unamwangalia akipoteza ndoto zake moja baada ya nyingine: safari aliyoitamani tangu utoto, masomo, hata fungate. Furaha inakuja mwishoni kabisa, dakika chache tu. Nililia hadi dada, kwa kunistahi, akaacha kunitazama. Usiku ule nililala fofofo, mara ya kwanza tangu msiba.

Baadaye nikafuatilia habari zake, na nikaelewa kwa nini ilinigusa. Mwongozaji Frank Capra na mwigizaji James Stewart walikuwa ndio kwanza wametoka Vita vya Pili vya Dunia. Stewart alikuwa rubani wa ndege za mabomu. Ule uchungu usoni mwake haufanani na wa kuigiza. Na ile theluji? Walipiga picha kwenye joto la California, theluji ni povu. Filamu ilipotoka haikurudisha hata gharama zake. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya televisheni vya Marekani vikaanza kuirusha kila Krismasi kwa sababu haikuwagharimu kitu, na kwa njia hiyo ya bahati nasibu ikaja kupendwa na mamilioni. Ninachokipenda zaidi ni chanzo chake. Mwandishi Philip Van Doren Stern alikuwa na hadithi fupi ambayo hakuna mchapishaji aliyeitaka, basi mwaka 1943 akachapa nakala 200 kwa fedha yake, akazituma kwa jamaa kama kadi za Krismasi. Moja ikafika mikononi mwa watu wa filamu. Nikiwa na siku mbaya huwa nazikumbuka zile kadi 200.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na ndugu zangu wa "cheka upate afya" watanipinga: kama moyo ni mzito, usikimbilie hadithi tamu. Tafuta inayopita gizani kwanza. Hadithi tamu mwanzo hadi mwisho inakutaka uwe na furaha kabla hujakaa. Ile nyingine inakuchukua ulipo, inakushika mkono, inatembea na wewe. Na mkitokea kwenye mwanga, unaamini, kwa sababu giza mlilipita pamoja.

Vitabu navyo ni hivyo hivyo. Mwaka uliofuata mama alikuwa na mtoto wa jicho, anasubiri kufanyiwa upasuaji, kusoma hawezi na televisheni inamuumiza. Nikaamua kumsomea A Christmas Carol cha Charles Dickens, nikitafsiri papo hapo. Kitabu ni kifupi, kina sehemu tano, na Dickens kila sehemu aliiita ubeti, kama vile ni wimbo. Nikasema vizuri, ubeti mmoja kila usiku, tarehe 20 hadi 24.

Usiku wa kwanza nilikwama kwenye lile neno la dharau analolitamka Scrooge, mzee bahili wa kitabu hiki, kila akisikia Krismasi. Nikalifanya "Upuuzi!" Mama akalidaka. Mpaka leo ukimwambia kitu asichokipenda anakujibu "Upuuzi!" kwa sauti ya bahili wa London. Tulipofika mahali Scrooge anawafukuza waliokuja kuomba msaada wa maskini, mama akaniuliza:

"Kwani huyu bwana hana ndugu?"

"Ana mpwa. Amekuja kumkaribisha Krismasi, naye kamfukuza."

"Mpwa atarudi tena?"

"Mwenyewe anasema atakuja kila mwaka."

"Basi atapona."

Nikaacha kusoma kidogo. Nilikuwa nimeshakisoma kitabu kile mara mbili na sikuwahi kuona kwamba uponyaji wa yule mzee haukuanza na mizimu inayomtokea usiku, ulianza na mpwa asiyechoka kubisha hodi. Mama alikiona kwa kusikia tu, macho yakiwa na ukungu.

Nilimweleza pia habari za mwandishi. Baba yake Dickens alifungwa kwa madeni mwaka 1824, na mtoto akiwa na miaka 12 akapelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu. Kidonda hicho hakikufunga. Mwaka 1843 naye alikuwa anabanwa na madeni, mtoto wa tano yuko njiani, riwaya aliyokuwa akiitoa kwa vipande haiuzi alivyotarajia. Alikuwa ametembelea shule za watoto fukara akaona hali zao. Akaandika kitabu kizima kwa muda wa wiki sita hivi, usiku akitembea mitaani maili kwa maili huku hadithi ikimchemka kichwani. Kilitoka tarehe 19 Desemba, na nakala zote 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi. Mtu akikuambia Krismasi ya vitabuni ni ya watu wasiojua shida, mpe historia hiyo.

Angalizo kwa atakayejaribu kusoma kwa sauti: ubeti wa tatu ndio mrefu kuliko yote. Mimi sauti ilikauka, nikaumalizia kwa kunong'ona, na mama akadai hapo ndipo palinoga.

Ukiwa umechoka kiasi kwamba hata kitabu kifupi ni mlima, chukua The Gift of the Magi ya O. Henry, ya mwaka 1905. Unaimaliza kwa robo saa. Mume na mke hawana kitu na kila mmoja anataka kumpa mwenzake zawadi. Zaidi ya hapo sisemi. Mwandishi wake alianza kulitumia jina la O. Henry akiwa gerezani. Mara nyingine naona waliokaa pabaya ndio wanaojua kuandika habari za wema bila kutia sukari.

Na kama Krismasi yako tatizo lake siyo upweke bali ndugu kuwa wengi mno, mimi hupona kwa Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi. Hercule Poirot's Christmas, ya mwaka 1938, inahusu tajiri mzee anayewaita wanawe wote nyumbani kwa Krismasi, kisha anauawa. Ukiisoma, shemeji yako anayeongea kwa sauti ya juu anaanza kuonekana mtu mzuri. Kuna watu wanashangaa mauaji yanaburudishaje msimu wa amani. Kwangu ni rahisi: mwanzoni kila kitu kimevurugika, mwishoni kila kitu kimejulikana. Maisha hayatupi hilo mara nyingi.

(Wanaotaka kubishana kama Die Hard, filamu ya risasi na milipuko, ni filamu ya Krismasi: ilitoka Julai 1988, lakini mambo yote yanatokea usiku wa kuamkia Krismasi na jamaa anachotaka ni kupatana na mke wake. Kwangu imepita. Tusigombane.)

Sasa namna ya kuangalia, maana nahisi hapa ndipo hasa unapochoka. Umeandika unakaa na rimoti "ukitafuta kitu kizuri". Mimi niliwahi kuutegea saa utafutaji huo: dakika hamsini, na mwisho nikaangalia filamu niliyoiruka mara ya kwanza. Siku hizi nachagua asubuhi, kichwa kikiwa safi, na jioni hakuna mjadala. Simu inakaa chumba kingine. Siyo kwa sababu simu ni dhambi. Ukiangalia filamu huku unaangalia picha za sherehe za watu wengine, umerudi kule kule kwenye kuhesabu viti. Na sizidishi filamu moja kwa siku. Baada ya nzuri, nakaa kimya kidogo au naongea na niliyeangalia naye. Kuunganisha ya pili hapo hapo ni kuifuta ya kwanza.

Pia usione aibu kurudia. Wapo wanaoona kurudia filamu ni kupoteza muda. Ukiwa umechoka akili, hadithi usiyoijua ni kazi: majina mapya, wasiwasi wa nani atakufa. Unayoijua inakuacha upumzike na uone vitu vidogo. Ile ya 1946 nimeiona mara nane na mwaka jana tu ndipo nilipomtazama vizuri yule mzee wa duka la dawa.

Kuhusu mtazamo chanya wenyewe, nakiri neno hilo lilinichosha kwa jinsi linavyotumika kuwanyamazisha watu. Lakini kuna kitu kimoja kilinifaa. Watafiti wawili, Robert Emmons na Michael McCullough, mwaka 2003 walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kundi moja liliandika kila wiki, kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, na jingine likaandika kero. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi. Mimi sina subira ya orodha, kwa hiyo naandika sentensi moja tu nyuma ya kitabu ninachokisoma, kila usiku. Ya mwaka ule wa Dickens bado ipo: "Mama kacheka mara mbili, mara ya pili mpaka akakohoa." Sikuandika kwamba nina furaha, maana sikuwa nayo. Niliandika kilichotokea.

Jambo moja nitalisema haraka: kama huzuni unayoisema inakaa zaidi ya wiki mbili, inakunyima usingizi au hamu ya kila kitu, filamu haitoshi. Nenda kamwone daktari au mshauri nasaha. Mimi nilikwenda, Januari ile, na sijutii.

Wewe kwa siku zako kumi ningekushauri filamu nne, kitabu kimoja kifupi, basi. Kama una mtu wa kumsomea, hata kwa simu, mpigie. Mama alishafanyiwa upasuaji, anaona vizuri na anaweza kusoma mwenyewe, lakini juzi ameniuliza yule bwana wa upuuzi tunamwanza lini. Nimemwambia tarehe 20, saa mbili usiku.