Mdogo wangu, kabla hujaacha chuo ukacheze mpira soma yaliyowakuta wadada wa hoki ya barafuni

Wiki iliyopita binti mmoja ninayemfundisha mpira hapa Ngarenaro, Arusha, kanitumia voisi ya dakika nne WhatsApp, anacheka na kulia humohumo, "shikamoo kocha, nimepata timu, wananitaka Dar, wiki ijayo niwe kambini." Nikamuuliza mkataba uko wapi, akasema watanipa nikifika. Na chuo je, maana yuko mwaka wa pili wa ualimu, akasema ntaacha kwanza ntarudi baadae.

Ile siku sikulala vizuri. Hayo maneno "watanipa nikifika" niliyasema mimi mwenyewe 2017 nikiwa na miaka 21, nilikuwa winga, nina mbio, kila mtu mtaani ananiambia dada wewe utafika mbali, nikapanda basi asubuhi na begi moja na hiyo karatasi ya mkataba sijawahi kuiona mpaka leo. Misimu mitatu nimecheza kwa ahadi. Posho ikija inakuja, isipokuja unaambiwa vumilieni mabinti mdhamini yuko njiani. Kisha msimu wa tatu nimeruka kichwa, kushuka goti likageuka, nikasikia kabisa kitu kimekatika ndani. Klabu wakaniambia pumzika utapona. Operesheni mama kauza ng'ombe wake wawili kule Akheri na iliyobaki wajomba wakachanga. Sisemi hivi ili mnionee huruma, nasema kwa sababu hakuna mtu aliyenikalisha chini akaniuliza swali hata moja kabla sijapanda lile basi.

Sasa hoki ya barafuni inaingiaje hapa. Mimi siku hizi nafanya kazi ofisi ya watalii Sakina, na Januari mwaka jana tulikuwa na mgeni mama mmoja wa Kanada, katoka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, namkuta lodji kaweka mfuko wa barafu gotini. Nikamwonesha kovu langu, akanionesha lake, tukaanza stori za magoti tukamaliza saa tano usiku. Kumbe alikuwa mchezaji. Hoki yao siyo ile ya magongo ya kwenye nyasi, hawa wanavaa viatu vyenye chuma chini wanateleza, sita kila upande pamoja na kipa, wanapiga kidude cheusi cha raba ngumu mfano wa kopo la kiwi, vipindi vitatu vya dakika ishirini ishirini, na wanabadilishana kila baada ya kama dakika moja kwa sababu ile kasi mtu hawezi kukaa nayo. (Ukitaka kuona hayo mambo kwa macho usiende mbali, Nairobi hoteli ya Panari barabara ya Mombasa wana uwanja wa barafu, na Wakenya wana timu yao inaitwa Ice Lions. Unapitia Namanga tu.)

Kilichonishika siyo mchezo, ni maisha. Yule mama alikuwa nesi. Anatoka zamu, anakula kwenye gari, mazoezi yanaanza saa nne usiku kwa sababu saa nzuri za uwanja ni za wanaume na watoto, kesho yake asubuhi zamu tena. Na huyo anacheza ligi ya juu ya nchi yake! Nikaenda kusoma mwenyewe nikakuta ni kweli kabisa, ligi ya wanawake ya Kanada ilianza 2007 na wachezaji wakakaa miaka kumi bila mshahara, mpaka 2017 ndo wakaanza kupewa kati ya dola elfu mbili na elfu kumi za kwao kwa msimu mzima. Mwaka 2019 ikafungwa. Wale wa Marekani ligi yao ilianza 2015, wa chini kabisa aliahidiwa dola elfu kumi, msimu wa pili tu katikati ya safari mishahara ikakatwa. Na hawa ni watu wenye medali za Olimpiki shingoni, tangu ile ya Nagano, Japani, 1998 wanawake wanacheza hoki Olimpiki, yaani bingwa wa dunia anarudi nyumbani anatafuta kazi ya kulipia kodi.

Hapa ndo nataka usome taratibu mdogo wangu. Walichofanya 2019 ligi ya Kanada ilipokufa ni kwamba wachezaji zaidi ya 200 walisimama pamoja wakasema hatuchezi ligi yoyote ya Kanada wala Marekani mpaka ipatikane ligi yenye mshahara wa kuishi na bima ya afya. Wakakaa hivyo miaka minne! Miaka minne ya mchezaji ni mingi sana, wengine umri wao wa kucheza uliishia hapohapo hawakuonja matunda. Lakini 2023 wakasaini mkataba wa pamoja wa miaka minane, na waliusaini kabla ligi haijachezwa hata mechi moja, karatasi kwanza mpira baadae, halafu tarehe 1 Januari 2024 ligi mpya ya wanawake wa Kanada na Marekani, inaitwa PWHL, ikaanza na timu sita. Mshahara wa chini msimu huo wa kwanza ulikuwa dola 35,000, na kila timu ilikuwa lazima iwe na wachezaji wasiopungua sita wa dola 80,000 kwenda juu. Kwa hela yetu ule wa chini ni kama milioni tisini, ingawa kwa maisha ya kule siyo utajiri, ni kuishi. Aprili mwaka huohuo mechi ya Montreal na Toronto ikaingiza watu 21,105. Walewale waliokuwa wanafanya mazoezi saa nne usiku.

Na mimba. Hili watu hawapendi kulisema kwenye mikataba ya wanawake huku kwetu, unakuta mchezaji anaficha tumbo kwa kuogopa kufukuzwa, nimeliona kwa macho yangu. Mchezaji wa hoki Kendall Coyne Schofield wa Marekani kajifungua mtoto wake Julai 2023, Mei 2024 ni nahodha wa timu ya Minnesota na kabeba kombe la kwanza la hiyo ligi. Inawezekana kabisa, ila iandikwe.

Kwa hiyo nilimjibu binti yangu hivi, na wewe unayesoma hapa chukua. Usiende kambini bila karatasi, na karatasi usiisainie palepale mbele ya meneja, omba uisome nyumbani siku mbili na mtu anayejua mambo ya sheria, akikataa kukupa hizo siku mbili ameshakujibu. Angalia mshahara ni tarehe ngapi siyo "mwisho wa mwezi" tu. Angalia ukiumia nani analipa hospitali na mshahara unaendelea miezi mingapi, hiki kipengele ningekuwa nacho 2019 mama angekuwa na ng'ombe wake. Nakala yako uondoke nayo mkononi. Na wasichana wenzio wa timu ongeeni, kila mmoja aseme analipwa nini, sisi tulikuwa tunafichana kwa aibu na ndo maana walituweza.

Kuhusu chuo sikumwambia aache mpira. Nikamwambia mwombe mkuu wa chuo akuruhusu kuahirisha mwaka kwa barua, siyo kutoroka, maana barua inakutunzia nafasi yako. Tena ukipata timu ya jeshi au polisi ifikirie mara mbili hata kama dau la usajili ni dogo, ajira inabaki hata miguu ikichoka. Hayley Wickenheiser, mchezaji wa hoki wa Kanada, ana dhahabu nne za Olimpiki, kastaafu 2017, kaenda kusoma udaktari na leo ni daktari. Dhahabu nne na bado alirudi darasani.

Jibu la binti limekuja jana jioni, klabu wamemtumia mkataba kwa simu, kurasa tatu, na sehemu ya kuumia haipo kabisa. Tumewaandikia waiweke. Tunasubiri, na nimemwambia begi asilifunge. Jumamosi saa kumi nipo uwanjani kama kawaida, mwenye mkataba wowote aje nao tuusome pamoja.