Namba Nyeupe Zilizogeuka Waridi: Jua Kitambaa Kabla ya Kuchagua Wino

Jezi zilikuwa 32, nyekundu, za timu ya mtaani huku Kariobangi. Kocha alitaka namba nyeupe mgongoni. Nikachukua wino uleule niliokuwa nikichapia tishati za vyama na za kwaya, nikapiga, nikapitisha kwenye mashine ya joto mpaka ukaiva, nikazirundika moja juu ya nyingine na kufunga duka. Asubuhi akazichukua, nyeupe pe. Siku ya tatu akarudi na mfuko.

"Fundi, sisi tulilipia nyeupe."

Namba zote zilikuwa za waridi. Nikalipa jezi 32 kutoka mfukoni mwangu.

Wino haukuwa na kosa. Zile jezi zilikuwa za poliesta, na poliesta hutiwa rangi kwa joto kali. Ukiichoma tena kwa joto kali, rangi ile huamka, hugeuka mvuke na kupanda hadi kwenye wino ulioko juu yake. Nyekundu na damu ya mzee ndizo korofi kupita zote. Wino wa kawaida wa plastisoli, yaani wino mzito wa plastiki, huiva kwenye digrii 160 hivi, na kabla hujafika huko rangi ya poliesta imeshaanza safari. Nami nikaongeza kosa la pili: kuzirundika zikiwa bado moto, zikaendelea kupikana usiku kucha.

Siku hizi kwa jezi nanunua plastisoli ya joto la chini, ile inayoiva kwenye digrii 130 hivi na iliyotengenezwa kuzuia rangi isipenye. Kitambaa kikiwa chekundu sana, natanguliza tabaka la kijivu la kuzuia, ndipo nyeupe ije juu. Kisha kila jezi inalala peke yake mpaka ipoe. Bei ya wino huu ni ya juu, na mteja naye huambiwa hivyo kabla hajatoa senti.

Utajuaje ni poliesta? Usiamini lebo, wala usimwamini muuzaji anayekuambia "hii ni pamba safi, boss." Chomoa uzi kwenye upindo wa ndani, uwashe kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa inaacha kidonge kigumu. Ukipata jivu lenye chembe ngumu, huo ni mchanganyiko, na mchanganyiko nao huhamisha rangi, kwa hiyo mimi huuhudumia kama poliesta.

Pamba ndiyo ya kujifunzia. Plastisoli haikauki kwenye skrini, ile fremu yenye wavu unaopitisha wino, hivyo unaweza kwenda kula chapo madondo ukarudi ukaendelea na kazi. Mtego uko kwenye kuiva. Wino ukiwa mkavu kwa kugusa haujaiva bado. Joto lazima lifike hadi chini kabisa ya tabaka. Ikipoa, ivute tishati kwa mikono miwili. Chapa ikipasuka nyufa, irudishe kwenye joto. Kisha ifue moja kwa maji moto kabla hujakabidhi mzigo. Wengi wetu tulianza na pasi ya nyumbani, sikucheki, lakini pasi haina joto sawa kila upande, na utaona herufi za pembeni zikibanduka huku za katikati zimeshika.

Nyeupe juu ya nyeusi haitoki kwa mkono mmoja. Tumia wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita, piga mara moja, kausha kidogo tu kwa joto, piga tena. Ukitaka maandishi madogo au michoro yenye vitone, panda hadi 77 au 90, ila ujue wino utakaopita ni mwembamba. Skrini nayo isilalie kitambaa. Iache juu kwa milimita mbili tatu, skwiji, kile kibao cha mpira cha kusukumia wino, ndiyo iishushe. Ikilala, chapa hutoka na kingo chafu.

Wino wa maji ndio ninaoupenda mwenyewe. Unaingia ndani ya pamba, ukipitisha kiganja huhisi kitu. Lakini una kiburi: Januari, jua la Nairobi likiwa kali, unakaukia ndani ya wavu ukiongea na mteja dakika tano tu. Weka chupa ya kunyunyizia maji karibu. Tafuta pia emulsheni inayovumilia maji, ile dawa inayopakwa kwenye wavu kutengeneza mchoro, la sivyo mchoro wenyewe utaanza kuyeyuka katikati ya kazi. Na juu ya nyeusi wino huu humezwa usionekane. Hapo ndipo watu hutumia ule wa kufuta rangi ya kitambaa. Unafanya kazi kwenye pamba pekee, na hata kwa pamba kuna rangi zinazokataa kufutika, kwa hiyo jaribu moja kwanza. Unanuka vibaya ukiiva. Usiupike kwenye chumba kisicho na dirisha.

Tishati za kampeni nisizitaje sana. Agosti 2022 nilichapa nyepesi kama ganda la kitunguu, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Nailoni, yaani mikoba na jaketi za mvua, huhitaji wino uliochanganywa na kigumu chake, yaani dawa ya kuufanya ushike, uliopimwa kwa mizani wala si kwa macho. Ukishachanganya, utumie siku hiyohiyo. Ukishachapa, ngoja siku mbili tatu ushike kabisa kabla ya kufua. Mteja akija na mikoba 100 akitaka iwe tayari kesho asubuhi, mimi humwonyesha duka la jirani.