Maswali ya Wasomaji: Utepe Mwekundu Kwenye Matumbawe

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzamiaji wa Kisiwa cha Mafia. Mara kadhaa nimekuta kwenye matumbawe kitu chekundu, laini, kilichojikunja mfano wa ua la waridi na kushika mwamba kwa ukingo mmoja tu. Wapo wanaosema ni mmea. Mwenzangu anasisitiza kuwa ni mayai. Kama ni mayai, yamefungwa ndani ya nini, na mbona samaki huyapita bila kuyagusa? — Msomaji, Kilindoni.

JIBU: Mwenzako amesema kweli. Hayo ni mayai ya konokono wa bahari asiye na gamba, ambaye wanasayansi humwita Hexabranchus sanguineus, mnyama mwekundu anayeweza kuzidi urefu wa sentimita 40 na anayepatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi visiwa vya Pasifiki. Kila mmoja wao ana viungo vya kiume na vya kike, hivyo wakikutana wawili, wote wawili huweza kutaga.

Kipande kidogo cha utepe huo kikitazamwa kwa hadubini, huonekana kwamba yai limevikwa tabaka kadhaa, na kila tabaka hutolewa na tezi yake iliyomo mwilini mwa konokono. Yai lililokwisha kurutubishwa huzungukwa kwanza na ute wenye protini na sukari za minyororo mirefu. Kisha tezi ya pili hulifunga pamoja na ute huo ndani ya kapsuli, yaani kifuko chenye ukuta mwembamba unaopitisha mwanga, ambamo kiinitete hukua na hata kuzungukazunguka kabla ya kuanguliwa. Kapsuli hizo hutoka zikiwa zimeungana katika uzi mrefu, na uzi huo hupangwa mapindo kwa mapindo ndani ya jeli inayotolewa na tezi ya tatu. Sehemu kubwa ya jeli ni maji, yaliyoshikwa na protini zilizoungana na sukari, na hiyo ndiyo inayougandisha utepe mwambani. Idadi ya mayai katika kila kapsuli hutegemea aina ya konokono: wengi huweka moja au machache, ilhali Aplysia, jamaa yao wa mbali, huweka mengi.

Umbo la utepe nalo lina kazi. Oksijeni hupenya jeli polepole, na viinitete vilivyo katikati ya bonge nene hukosa hewa. Utepe mwembamba uliosimama ndani ya mkondo hupitiwa na maji pande zote mbili.

Kuhusu samaki, jibu limo katika kemikali, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye ajabu kubwa zaidi. Mwaka 1986 wanakemia walitangaza kupatikana kwa kabiramidi katika mayai ya konokono kutoka Japani, na ulapualidi katika mayai yaliyotoka Hawaii. Kemikali hizi hushambulia aktini, protini inayozipa seli umbo na mwendo, kwa hiyo ni sumu kwa viumbe vingi. Konokono hazitengenezi mwenyewe: huzipata kwa kula sifongo wa jamii ya Halichondria, akazihifadhi mwilini, kisha akawarithisha watoto wake kwa kuzitia katika mayai. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1988 yalionyesha kuwa samaki hukataa chakula kilichotiwa kemikali hizo. Dhidi ya bakteria zipo kinga za namna nyingine. Katika Aplysia kurodai wa Japani, kwa mfano, tezi inayotoa ute wa yai hutengeneza protini inayozuia bakteria kukua.

Hata hivyo, kinga hiyo haimzuii kila mlaji. Siku nyingine uuchunguze utepe kwa karibu, katikati ya mikunjo yake: huenda ukaona konokono wadogo wa jamii ya Favorinus, wasio na gamba pia, ambao chakula chao ni mayai ya konokono wenzao, na haya mekundu wanayala licha ya sumu yake.